Kitabu Kipi kwa Mtoto Yupi?

Mwongozo kwa wazazi na walezi

Ukiingia dukani kumtafutia mtoto kitabu, muuzaji atakuuliza yuko darasa la ngapi. Swali si baya, ila halitoshi. Mtoto wa darasa la pili ana viwango viwili kwa wakati mmoja: kile anachoweza kukisoma mwenyewe, na kile anachoweza kukielewa akisomewa. Cha pili kiko mbele sana, na huendelea kuwa mbele kwa miaka mingi ya shule ya msingi. Kwa hiyo nyumbani panahitajika vitabu vya aina mbili, vya kujisomea na vya kusomewa. Mzazi anayeacha kumsomea mwanawe kwa sababu "sasa anajua kusoma" anamrudisha nyuma bila kukusudia.

Kabla ya shule

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kitabu ni picha na sauti yako. Tafuta chenye kurasa ngumu na picha kubwa za vitu anavyoviona kila siku: kuku, sufuria, bodaboda. Kitatiwa mdomoni na kitakanyagwa, usikifungie kabatini. Kama hakipatikani, kata boksi, bandika picha za magazeti, toboa pembeni, funga kwa uzi.

Kuanzia miaka 3 hadi 5, chagua hadithi fupi zenye maneno yanayojirudia, ili mtoto adakie kabla hujamaliza sentensi. Visa vya Sungura na Fisi vinafaa sana hapa. Ataomba kisa kilekile kila usiku. Atakayechoka ni wewe, si yeye.

Miaka 6 hadi 9

Umri huu unataka uangalifu zaidi. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri bila kujua umesema nini. Vitenzi vyetu ni virefu. "Hawakumrudishia" ni neno moja tu, lakini ndani yake wamo waliotenda, yumo aliyetendewa, umo wakati uliopita, na juu ya yote limekanushwa. Mzazi humsikia mtoto akitiririka, akafurahi, akanunua kitabu kinene zaidi.

Usimpime kwa ulimi. Afunge kitabu, akusimulie kilichotokea na kwa nini. Akisimulia kwa mpangilio, kitabu ni saizi yake. Akikumbuka majina ya wahusika tu, kihamishie kwenye vile vya kusomewa, umrudishie baada ya miezi michache.

Kwa umri huu kuna hazina isiyodai fedha. Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, una hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Zimepangwa kwa ngazi, tangu maneno ya kwanza hadi aya ndefu, na kuna ngazi ya peke yake ya hadithi za kusomewa. Unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa.

Tahadhari moja: vitabu vingi vya umri huu ni hotuba zilizovishwa majina ya watoto. Juma hakunawa mikono, Juma akaumwa, basi. Mtoto huitambua hotuba upesi. Kati ya kitabu kinachomfundisha adabu na kinachomfanya aulize "halafu?", nunua cha pili.

Miaka 10 hadi 12

Hekaya za Abunuwasi ataweza kujisomea, na atacheka peke yake. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1952, ina Kiswahili kizito kwake, lakini msomee kwa sauti: gavana mwema anayewachapa manyani wawili kila usiku ni fumbo ambalo mtoto hatakubali uliache njiani. Watoto wa Mama Ntilie cha Emmanuel Mbogo hutumika sekondari, ila anayekaribia umri huo anaweza kukianza. Peter na Zita wanafukuzwa shule kwa sababu ya umaskini, na maisha yao hayakupakwa sukari. Kisomeni pamoja.

Miaka 13 na kuendelea

Kijana aliyekwisha kuona vitabu ni kazi ya mitihani mpe upelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, kina Bwana Msa, mpelelezi wa Zanzibar ambaye wazazi wengi nao walimpenda. Siku Njema cha Ken Walibora kinamfuata kijana anayetoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Rosa Mistika cha Kezilahabi, kilichowahi kupigwa marufuku shuleni, kinahusu msichana aliyebanwa mno na baba mkali. Kisome wewe kwanza. Huenda kikakuhusu wewe zaidi kuliko mwanao.

Pa kuvipata

Si lazima kununua. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba mikoani, mbali na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam iliyofunguliwa mwaka 1967. Huko Garissa, Kenya, maktaba imekuwa ikiwafuata wafugaji kwa ngamia tangu 1996. Ulizia utaratibu wa uanachama wa watoto, na mtoto akiazima vitabu viwili, kimoja akichague mwenyewe, hata kama jalada lake hulipendi.