Data ya Utafiti: Kuonekana, Kutumika na Kunukuliwa

Data ya utafiti ni zao la kitaaluma lenye hadhi yake. Aliyeikusanya anastahili kutambuliwa sawa na mwandishi wa makala, na anayeitumia ana wajibu wa kutaja ilikotoka. Msimamo huo uliwekwa bayana mwaka 2014 katika Azimio la Pamoja la Kanuni za Kunukuu Data, lililoratibiwa na jumuiya ya FORCE11. Mwaka 2016 zikachapishwa kanuni zinazojulikana kama FAIR: data ionekane, ifikike, iweze kuunganishwa na data nyingine, na iweze kutumika tena. Msingi wa yote ni maelezo. Data isiyoelezwa vizuri haionekani, na isiyoonekana hainukuliwi.

Mradi wa Snapshot Serengeti ni ushahidi wa jambo hilo. Kuanzia mwaka 2010, kamera 225 zilitegwa katika eneo la kilomita za mraba 1,125 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na maelfu ya watu wa kujitolea wakawatambua wanyama katika picha kupitia intaneti. Mwaka 2015 data hiyo iliwekwa katika hazina ya Dryad, na jarida la Scientific Data likachapisha makala ya kuifafanua: kamera zilipangwaje, majibu ya watu wengi yaliunganishwaje kuwa jibu moja, na usahihi wake ulithibitishwaje. Mwaka 2018, picha milioni 3.2 za mradi huo zilitumika katika utafiti wa kufundisha kompyuta kutambua wanyamapori. Data ya ikolojia ikawa imepata kazi ya pili.

Hatua ya kwanza kwa mtafiti ni kuchagua hazina. Faili iliyoachwa kwenye kompyuta ya ofisini, au kwenye tovuti ya mradi uliokwisha fedha, hupotea navyo. Hazina zinazoaminika, kama vile Dryad, Dataverse na Zenodo inayoendeshwa na kituo cha utafiti cha CERN tangu 2013, huipa data namba ya DOI, ambayo haibadiliki hata anwani ya ukurasa ikibadilika. Vilevile huweka maelezo ya data katika mpangilio unaosomeka na injini za kutafuta, ikiwemo Google Dataset Search iliyozinduliwa mwaka 2018.

Hatua ya pili ni kuandika maelezo hayo kwa uangalifu. Kichwa kinachosema “Data ya mahindi” hakimsaidii anayetafuta; kitaje zao, wakulima, wilaya na msimu. Safu iliyoandikwa “mav_1” haina maana mpaka kamusi ya data ieleze kwamba ni mavuno kwa kilo kwa ekari, yaliyopimwa baada ya kukaushwa, na kwamba nafasi iliyo wazi ni shamba ambalo halikupimwa, si shamba lililokosa mavuno. Namba ya ORCID ya kila mtafiti nayo iwekwe, ili kazi yake isichanganywe na ya mwingine mwenye jina kama lake.

Anayetumia data anapaswa kutaja waandaaji, mwaka, jina la data, toleo, hazina na DOI. Nukuu hiyo ikae katika orodha ya marejeo. Ikiishia katika aya ya shukrani, mifumo inayohesabu nukuu haitaiona. Toleo ni la lazima, kwa kuwa data husahihishwa, na msomaji anayerudia hesabu anahitaji takwimu zilezile zilizotumika. Kama kuna makala inayofafanua data, vyote viwili vinukuliwe.

Uwazi una mipaka yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zinalinda watu ambao taarifa zao hukusanywa. Kuondoa majina hakutoshi iwapo majiranukta ya nyumba yamebaki katika faili. Data nyeti inaweza kutolewa kwa maombi maalumu huku maelezo yake yakiwa wazi kwa wote. Leseni nayo itajwe. Kati ya zile za Creative Commons, CC BY inamtaka mtumiaji amtambue mwenye kazi, ilhali CC0 humwondolea sharti hilo la kisheria. Hata hivyo, wajibu wa kitaaluma wa kunukuu unabaki palepale.

Haki ya kutambuliwa haiishii kwa kiongozi wa mradi. Wadodosaji, mafundi wa maabara na wasimamizi wa data wana mchango unaopaswa kuonekana kwenye rekodi, na nafasi ya kila mmoja iafikiwe kwa maandishi kabla dodoso la kwanza halijajazwa. Vyuo na taasisi nazo ziipe data iliyohifadhiwa vizuri uzito wake katika kupandisha watumishi vyeo. Kazi isiyohesabiwa popote haiwezi kutarajiwa kufanywa kwa bidii.