Somo kwa Makatibu: Kuitambua Tovuti Iliyoandikwa na Mashine

Tangu Novemba 2022, programu ya ChatGPT ilipotolewa kwa watu wote, mwenye simu yeyote aweza kuiagiza mashine imwandikie kurasa za kampuni nzima kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kurasa hizo huja kwa Kiswahili safi. Hapo ndipo ilipo hatari kwa chama cha msingi, kwani zamani tapeli alijulikana kwa maandishi yake mabovu, na dalili hiyo sasa imekufa.

Yafaa ieleweke kwamba kutumia akili mnemba si kosa. Hata chama chaweza kuitumia. Linalotakiwa kujulikana ni kama nyuma ya ukurasa yupo mtu na lipo ghala, hasa pale ukurasa unapodai fedha za mbolea kabla ya mzigo kufika.

Mashine huandika kwa kufuata yale iliyosoma, na habari za Ufipa ilizosoma ni chache. Kwa hiyo hukosea pale ambapo mwenyeji hawezi kukosea. Ichukuliwe tovuti inayodai kununua mahindi Laela na Matai, nayo ikaeleza kuwa wakulima hupanda wakati wa vuli na tena wakati wa masika. Hiyo ni kalenda ya kaskazini na ya pwani. Ufipa kuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza yapata Novemba na kwisha yapata Aprili, na mwanachama yeyote aliyelima matuta ya kufukia nyasi analijua hilo. Au picha ya shamba la “Sumbawanga” ikaonyesha minazi, ilhali mji huo uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari!

Dalili nyingine ni sifa nyingi zisizo na kipimo: ubora, uadilifu, ubunifu, bila bei, bila tarehe, bila jina la msimamizi. Pengine mwandishi husahau kufuta mabano yenye maneno “andika jina la kampuni hapa”. Vidole sita na maandishi yasiyosomeka juu ya magunia bado huonekana pichani, ila makosa hayo yanapungua kila mwaka.

Vyombo vinavyodai kupima maandishi ya mashine visitegemewe. Kampuni ya OpenAI yenyewe ilitoa chombo chake Januari 2023, ikakiondoa Julai mwaka huohuo kwa kuwa hakikuwa sahihi vya kutosha.

Lenye nguvu zaidi ni tarehe. Sajili ya majina ya tovuti huonyesha jina liliandikishwa lini. Kampuni inayojisifu kwa miaka 20 ya kazi, na jina lake lina wiki 3, inastahili kuulizwa. Kisha katibu atafute jina hilo katika daftari la makampuni la BRELA, na amtake mnunuzi atume mtu ghalani na mizani yake. Majibu yote yaandikwe katika kumbukumbu za bodi kabla hundi haijatiwa sahihi.