Farasi na Kitovu cha Uzito: Kazi ya Vifaa vya Mafunzo

Farasi anaposimama wima huonekana kama meza ambayo miguu yake minne imegawana uzito sawasawa. Sivyo ilivyo. Shingo na kichwa vimejitokeza mbele, kwa hiyo miguu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili. Mtu akimpanda, mzigo huo huzidi. Farasi asiyefunzwa hujikwaa, huegemea lijamu na hugeuka kwa shida. Akitumikishwa hivyo kwa muda mrefu, viungo na kano za miguu ya mbele zimo hatarini. Kumfunza msawazo ni kumzoeza kubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo kwa miguu ya nyuma.

Upimaji

Katika karne ya 19 huko Ufaransa, mwalimu wa farasi François Baucher (1796–1873) na afisa wa jeshi aitwaye Morris walimsimamisha farasi juu ya mizani mbili, moja kwa miguu ya mbele na nyingine kwa ya nyuma. Farasi huyo alikuwa na kilo 384: mbele 210, nyuma 174. Alipoinua kichwa, kilo 10 zilihamia nyuma. Alipokiinamisha, mzigo wa mbele uliongezeka kilo 8. Baucher mwenyewe, mwenye kilo 64, alipompanda, kilo 41 zilikwenda mbele na 23 tu nyuma.

Kwa kanuni ya momenti, kitovu cha uzito hupatikana kwa urahisi. Ikichukuliwa kwamba kati ya kwato za mbele na za nyuma kuna sentimita 120, kitovu kiko umbali huu kutoka kwato za mbele:

120 × 174 ÷ 384 = sentimita 54.4

Kichwa kikiinuliwa, jibu huwa 57.5. Kitovu kimesogea sentimita tatu tu. Lakini kwato za nyuma zikiletwa mbele sentimita 20, chini ya tumbo, na kitovu kikibaki karibu pale pale, mzigo wa nyuma huwa:

384 × 54.4 ÷ 100 = kilo 209

Hizo ni kilo 35 zaidi ya mwanzo. Farasi akiwa mwendoni hesabu huwa ngumu zaidi, kwani misuli nayo husukuma. Hata hivyo fundisho ni dhahiri: siri ya msawazo imo katika miguu ya nyuma kuliko kichwani.

Vifaa

Kifaa chenye manufaa ni kile kinachoifanya miguu ifanye kazi. Miti iliyolazwa chini, yenye nafasi ya mita 1.3 hivi kwa mbio ndogo na kurekebishwa kulingana na hatua za farasi, humlazimu kukunja viungo na kuweka kila ukwato kwa uangalifu. Hakuna anayemvuta, anajisawazisha mwenyewe.

Vigwe vya kuvuta ni kinyume chake. Kigwe hufungwa kwenye mkanda wa tandiko, hupita katika pete ya lijamu, kisha hurudi mkononi mwa mpandaji. Uvumbuzi wake huhusishwa na William Cavendish, Mwingereza wa karne ya 17. Pete hufanya kazi ya kapi linalosogea: mkono ukivuta kwa nyutoni 50, mdomo huweza kupata karibu 100, msuguano ukiachwa kando na pande mbili za kigwe zikiwa sambamba. Kichwa hushuka, shingo hupinda, na mtazamaji hudhani kwamba msawazo umepatikana. Kumbe kwato za nyuma hazijasogea, na kichwa kilichoshushwa kimeongeza mzigo wa mbele! Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, haliruhusu vigwe hivyo katika mashindano ya dresaji.

Misuli ya mgongo na ya mapaja hujengeka kwa mazoezi ya miezi mingi. Kifaa huweza kuonyesha njia. Hakiwezi kuchukua mahali pa nguvu ambazo bado hazijakua.

Jaribio la darasani

Ubao mrefu ulazwe juu ya mizani mbili, na jiwe liwekwe karibu na mizani ya kwanza. Wanafunzi waandike vipimo.

1. Jiwe lisogezwe sentimita 3 kuelekea mizani ya pili. Vipimo vimebadilika kwa kiasi gani?
2. Jiwe lirudishwe mahali pake, kisha mizani ya pili isogezwe sentimita 20 kuelekea jiwe. Mabadiliko yapi ni makubwa zaidi, na kwa nini?