Mwanamke ni Nani?

Somo: Mwanzo 1:26-31

Ijumaa iliyopita kwenye ushirika wa vijana, kijana mmoja aliniuliza, "Pasta, mwanamke ni nani?" Watu wakacheka. Nikajibu chapchap: ni mwili, Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, tuendelee. Msichana mmoja kutoka Nandi akainua mkono. "Na nyanya yangu aliyeoa?" Hapo nikakwama.

Hebu tuanze na huyo nyanya. Kwa mila ya Wanandi, mama aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa mahari na kuoa mwanamke, ili watoto watakaozaliwa wairithi nyumba yake, ng'ombe na shamba. Si mapenzi kati ya hao wawili. Watoto huzaliwa na mwanamume mwingine, lakini mbele ya jamii mume ni yule mama. Mtafiti Regine Smith Oboler aliandika mwaka 1980 kwamba Wanandi husisitiza huyo sasa ni mwanamume. Ila alipochunguza zaidi, aliona msisitizo huo una nguvu hasa panapohusika mali na urithi. Kwenye mambo mengine ya kila siku, haukuwa mkali hivyo.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo hili nalielewa. Gari la kampuni linaweza kuwa na thamani moja kwenye vitabu vya hesabu na nyingine sokoni, na hakuna anayedanganya. Ni maswali mawili.

Wanafalsafa nao wamebishana hapo hapo. Simone de Beauvoir, Mfaransa, alieleza mwaka 1949 kwamba mwili wa kike peke yake hautoshi. Malezi na jamii ndiyo humfanya mtu awe mwanamke. Baadaye wasomi wakatenganisha mwili na yale ambayo jamii inaujengea mwili huo. Kiswahili chetu mara nyingi hutumia neno jinsia kwa yote mawili, ndiyo maana tukibishana kila mtu anaongea lake.

Sally Haslanger, Mmarekani, alienda mbali zaidi mwaka 2000: mwanamke ni yule anayewekwa chini katika jamii kwa sababu mwili wake unachukuliwa kuwa wa kuzaa. Nilipenda ujasiri wake, maana anataja dhuluma waziwazi. Lakini aliulizwa: basi mwanamke asiyekandamizwa si mwanamke? Katharine Jenkins, mwaka 2016, akasema nafasi katika jamii haitoshi, tuhesabu pia jinsi mtu anavyojitambua ndani yake. Hapo mimi nina shida. Neno linalotumiwa na watu wote litapimwaje kwa kitu ambacho mmoja tu anakiona?

Msinielewe vibaya. Bado naamini Mwanzo sura ya 1. Lakini jibu langu la Ijumaa pia lina deni. Wako watoto wanaozaliwa na maumbile ambayo hata daktari hawezi kuyaweka upande mmoja. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wenye jinsia mbili.

Kanisa nililotumika kabla ya hapa, mimi ndiye niliyetengeneza fomu ya kuweka watoto wakfu. Visanduku viwili: mvulana, msichana. Mama mmoja aliichukua, akakaa nayo kiti cha nyuma hadi ibada ikaisha, akairudisha bila kujaza. Nilidhani ni uzembe. Hakuja tena. Miezi baadaye dada yake ndiye alinieleza juu ya mtoto. Yule mama hakuwa anabishana na Maandiko. Hakujua tu aweke alama wapi, na mimi sikumuuliza.

Sasa, fomu yangu ilikuwa inauliza hilo kwa ajili ya nini? Ukitaka kumwombea mtoto unahitaji jina lake na wazazi wake. Kisanduku nilikiweka kwa sababu kila fomu niliyowahi kuona ilikuwa nacho. Fomu ya hapa kwetu nimeichapisha upya bila hicho. Iko kwa ofisi, ni ukurasa mmoja.

Ijumaa hii tunaendelea saa kumi na moja jioni. Nimemwomba yule msichana, kama nyanya ana nguvu za kusafiri, aje naye.