Siku Butiama Ilipoingia Kwenye Jedwali

Fungua matokeo ya Sensa ya 2002, utafute Wilaya ya Butiama. Hutaiona. Fungua ya 2012: ipo, na watu wake wamehesabiwa kando na wa Musoma. Katikati hapo kata ya Buhemba haikusogea hata hatua moja. Sehemu ya Musoma Vijijini ilimegwa ikawa wilaya mpya, basi. Mkulima wa Buhemba aliendelea kulima shamba lilelile. Mwenye kazi mpya alikuwa mtunza kumbukumbu.

Tuanze chini kabisa. Kanzidata ni majedwali. Kila jedwali lina safu zenye majina, na mistari inayojazwa chini yake. Skima ni mpangilio wa safu hizo: zipi zipo, ipi inapokea namba, ipi hairuhusiwi kuachwa wazi. Tuseme tuna programu ya tovuti ya kuandikisha wagonjwa wa zahanati mkoani Mara. Jedwali lake la kata lina safu mbili, kata na wilaya. Mugango: Musoma Vijijini. Buhemba: Musoma Vijijini. Nyamuswa: Bunda.

Butiama inapozaliwa, fundi mwenye haraka ataingia kwenye seva, afute jina la wilaya mbele ya Buhemba, aandike “Butiama”. Kazi ya dakika moja, makosa mawili. Kwanza, ripoti ya 2009 ikichapwa leo itataja wilaya ambayo mwaka huo haikuwapo. Pili, badiliko limebaki kwenye seva ile tu. Kompyuta ya mwenzake aliyeko Bunda haina habari.

Kosa la kwanza ni la skima. Safu yetu inajibu Buhemba iko wilaya gani, ilhali ripoti inauliza ilikuwa wilaya gani siku ile. Tunahitaji jedwali jipya lenye safu nne: kata, wilaya, kuanzia, hadi. Humo Buhemba itakuwa na mistari miwili, na hakuna kinachofutwa.

Kosa la pili dawa yake ni maigresheni: faili fupi ya maelekezo ya kubadilisha skima, yenye namba ya mfuatano, inayotunzwa pamoja na programu. Kanzidata nayo hubeba jedwali dogo la namba zilizokwisha kutekelezwa. Ikiwa imefika 6 na faili zipo 8, itatekeleza ya 7, kisha ya 8. Kompyuta mpya huanzia 1. Zote hufika mahali pamoja kwa njia moja.

Ndiyo maana faili iliyokwisha kutekelezwa haiguswi. Ukiibadilisha ya 5 leo, kompyuta iliyoipitia jana haitairudia, na kanzidata zitaachana kimyakimya. Ukikosea, andika faili nyingine ya kurekebisha. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, hutumia zana iitwayo Liquibase. Zana hiyo huhifadhi alama ya kila badiliko, kama alama ya kidole. Ukichezea la zamani, inagoma.

Sasa tufanye kazi yenyewe, zahanati zikiwa wazi. Namba 7 inaunda jedwali jipya. Namba 8 inalijaza kutoka la zamani. Kwa muda programu inaandika kote kuwili, huku sisi tukilinganisha. Namba 9, inayofuta safu ya zamani, inasubiri. Toleo jipya la programu linapoingia, la zamani huweza kuwa bado kazini kwa dakika kadhaa. Likiitafuta safu isiyokuwapo litaanguka, na mgonjwa yuko dirishani. Tena, maigresheni ya kinyume hurudisha safu, lakini tupu. Yaliyokuwamo hurudishwa na nakala rudufu tu, kama uliichukua.

Tumemaliza? Tazama Bunda: wilaya moja, halmashauri mbili, ya Wilaya na ya Mji. Jedwali letu halina pa kuandika halmashauri. Tukiongeza safu hiyo na papo hapo kuikataza isiachwe wazi, kanzidata itakataa, maana mistari ya zamani haina cha kuweka humo. Basi namba 10 iongeze safu ikiwa wazi, 11 iijaze, na 12 ndiyo ifunge mlango.