Kigugumizi na Umilisi wa Lugha: Tahadhari kwa Mwalimu wa Kiswahili

Makala haya yanadai kwamba kigugumizi ni tatizo la mtiririko wa usemi, wala si upungufu wa umilisi wa lugha. Hapana budi kwanza kukitofautisha na kithembe. Mwenye kithembe hutamka kwa kasoro sauti fulani, hususan /s/. Mwenye kigugumizi aweza kuzitamka sauti zote, ila hukwama, huzirefusha au huzirudiarudia, aghalabu mwanzoni mwa neno.

Katika Kiswahili, mwanzo huo mara nyingi huwa ni kiambishi. Tuchukue mfano wa mwanafunzi asemaye: "Ki-ki-kitabu cha-cha-changu ki-kimepotea." Mwalimu asiyekuwa makini atampunguzia alama. Hata hivyo, kila silabi iliyorudiwa yaonyesha kwamba upatanisho wa ngeli ya KI-VI umekwisha kuteuliwa kwa usahihi. Kilichochelewa ni utamkaji tu. Kwa hiyo, mtihani wa mazungumzo unaopima kasi humwadhibu mtoto kwa kosa ambalo hakulifanya, naye hujifunza kunyamaza.

Takriban watoto 5 katika kila 100 hupitia hali hii, na walio wengi hupona kabla ya utu uzima. Darasani, mtoto wa namna hii apewe muda, asimaliziwe sentensi, na asome pamoja na wenzake, kwani usomaji wa pamoja hupunguza kigugumizi papo hapo. Palipo na mtaalamu wa tiba ya usemi, apelekwe mapema. Tathmini nayo ipime alichokisema, si muda alioutumia kukisema.