Somo: Pombe Katika Nchi Inakokatazwa



Mama mmoja alinijia baada ya mkutano wa kikundi akiwa na furaha. Kijana wake, ambaye chang'aa imemsumbua miaka mingi, amepata kazi ya udereva Saudi Arabia. "Mwalimu," akaniambia, "huko pombe ni haramu. Sasa ataacha, atake asitake." Sikutaka kumvunja moyo, lakini nilimwomba aketi tuzungumze. Niliyomweleza ndiyo somo letu.

Ni kweli imekatazwa. Zamani wageni waliruhusiwa kuwa nayo. Kisha mwaka 1951, mjini Jeddah, mwana mmoja wa mfalme akiwa amelewa alimpiga risasi afisa wa ubalozi wa Uingereza, akafa. Mwaka uliofuata mfalme akapiga marufuku kwa wote, hata wageni. Kuwait nayo inakataza.

Je, wageni waliacha? Wapi! Katika kambi za kampuni ya mafuta walijifunza kupika yao kwa sukari, hamira na maji, sawa tu na inavyopikwa huku kwetu kando ya mto. Waliiita sidiki, yaani "rafiki yangu" kwa Kiarabu. Mwenye pesa huvuka daraja la kilomita 25 lililofunguliwa 1986 akanywe Bahrain, ambako inauzwa kwa ruhusa. Mabalozi wasio Waislamu walifunguliwa duka Riyadh mwaka 2024. Lakini mjenzi, mfanyakazi wa nyumbani na dereva wa gari la tajiri hawana daraja wala duka. Hao ndio wanaoletewa chupa isiyo na jina, usiku.

Na ndani ya chupa kuna nini? Agosti 2025 huko Kuwait watu 160 walidhurika kwa pombe yenye methanoli, na 23 wakafa. Wengi walikuwa vibarua kutoka Asia. Wengine walipofuka. Methanoli ni spiriti ya viwandani. Kwa macho ni kama pombe, na ulimi hauitambui. Sisi hatuhitaji kufundishwa mbali: Novemba 2000 iliua watu zaidi ya 100 katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi, na Mei 2014 ikaua tena katika kaunti kadhaa.

Hapa sikilizeni vizuri. Haiui papo hapo. Mtu hulala salama, halafu baada ya muda wa saa 12 hadi 24 anaanza kuumwa kichwa na tumbo, anatapika, anahema upesi, macho yanaona ukungu. Wenzake husema ni uchovu wa pombe, mwacheni alale. Akifika hospitali mapema, dawa ipo, na mashine ya kusafisha damu ipo. Lakini huko wanaogopa. Mgonjwa anaogopa kushikwa, na wenzake wanaogopa kuulizwa chupa ilitoka wapi. Hofu hiyo si ya bure. Mwaka 2015 mzee wa Kiingereza wa miaka 74 aliachiliwa baada ya kukaa gerezani zaidi ya mwaka kwa sababu ya mvinyo wa kienyeji uliokutwa garini mwake. Kibarua atafungwa kisha arudishwe nyumbani, na mkopo wa nauli aliokopeshwa na kikundi bado unamngoja.

Basi nilimwambia mama: usimtishe tu kijana, mweleze. Mwenzake akisema haoni vizuri, hospitali kwanza, polisi watajijua. Tena anayekunywa kila siku asiache ghafla ndani ya ndege. Mwili uliozoea unaweza kutetemeka, hata kushikwa na kifafa. Aende zahanati sasa, angali hapa, asaidiwe kuacha polepole.

Akaniuliza, "Kwa hivyo, mwalimu, asiende?"

Sikuwa na jibu la haraka. Kaeni kwenye kikundi mjadili: ninyi mngemjibu nini? Na kama fomu ya mkopo wa nauli iko mezani kwenu, mtaitia sahihi? Kijana anatakiwa kusafiri mwezi ujao.